Wasikilizaji wa Zamu

Njia ya kwenda Usikizi sitaisimulia. Wenzangu waliotumwa nchi nyingine wamekwisha kuandika vya kutosha juu ya mito, mbu na wapagazi waliotoroka, na mwenye hamu ya kujua jinsi viatu vinavyoozea miguuni atawasoma wao. Mimi nilitumwa na misheni ya pwani nipeleke Neno kwa watu ambao, kwa habari tulizokuwa nazo, hawakuwa wamelisikia hata siku moja. Habari hizo zilikuwa za uongo. Wasikizi wamesikia kila kitu. Hakuna watu chini ya jua waliosikia zaidi yao, na kwao ndiko nilikojua upweke ni nini.

Jina langu ni Sefania, mwinjilisti. Sikuwa padre, ila niliruhusiwa kufundisha, kuzika, na kubatiza pale ambapo padre hafiki. Nilichukua kengele ya mkono, Kitabu, kanzu mbili, na kisa kimoja ambacho shirika letu lilikitumia kila mahali kufungua mioyo ya watu kabla ya kuingia katika mafundisho mazito. Kisa chenyewe ni hiki. Mtoto alipotea msituni, na baba yake kila jioni akawasha moto ukingoni mwa shamba, mwaka baada ya mwaka, watu wakimcheka, mpaka siku moja mtoto akauona moshi akarudi nyumbani. Pwani kila nilipokisimulia alitokea mtu wa kunifuata baadaye akanieleza habari za kwao. Nilikitegemea sana.

Mpakani nilipokewa na mzee mnene, mpole, jina lake Ngulumbi. Cheo chake ni Mpokezi wa Wajumbe.

"Umekuja na bidhaa au na neno?" akaniuliza.

"Na neno, mzee."

"Karibu sana. Ni habari njema?"

"Ni habari njema."

"Huwa njema," akasema, bila kejeli hata kidogo. "Sasa, unapenda kilima cha penye maji au cha penye upepo? Cha penye maji kina mbu, lakini sauti hufika mbali."

Nilidhani amenifananisha na mtu mwingine. Akanieleza kwa utaratibu, kama mtu anayemweleza mpangaji mpya habari za nyumba. Usikizi hawamfukuzi Mjumbe, hawampingi, wala hawamcheki. Humpa kilima chake mwenyewe, nyumba, chakula cha kila siku, na watu wa kumsikiliza. Yote hayo ni sheria, na aliyemcheka Mjumbe hufungwa. Mimi, niliyekuwa nimejiandaa kwa mawe na mikuki, nilimshika mzee yule mikono yote miwili, machozi yakanitoka.

"Ninyi ni watu wa Mungu," nikamwambia.

"Tunajitahidi," akajibu.

Nikachagua kilima cha penye maji.

Jumapili ya kwanza nilipiga kengele nikidhani watakuja watoto na wendawazimu, kama ilivyo kawaida mahali papya. Wakaja watu mia na zaidi, wamevaa nguo safi, wakakaa kwa mistari katika banda nililolifanya kanisa. Nilipotaja dhambi waliinamisha vichwa. Nilipotaja rehema waliinua. Nilipofika kwenye ule moshi, wote walilia, wanaume kwa wanawake, na nilipomaliza waliitikia "Amina" kwa sauti moja iliyotikisa makuti ya paa. Nilirudi ndani nikapiga magoti, lakini sikuweza kusali kwa furaha. Kichwa kilikuwa kimenivimba. Nilijiona nimefanya kwa saa moja kazi iliyowashinda wengine miaka kumi.

Jumapili ya pili kanisa lilijaa vilevile, ila sura zilikuwa nyingine kabisa. Nikafurahi zaidi, nikijua habari zimeenea. Nikaanza kisa changu. Nilipofika pale baba anapochukua shoka kwenda kuchanja kuni, watu wote wakaangua kilio. Nikanyamaza, maana moshi ulikuwa bado. Nao wakanyamaza. Tukatazamana. Mzee mmoja wa mstari wa mbele akajikohoza, akaninong'oneza kwa huruma, "Moto, Mjumbe. Sasa ndiyo anawasha moto."

Nikamwendea Ngulumbi siku ileile.

"Mzee, watu hawa wamekijuaje kisa changu?"

"Kinajulikana," akasema. "Kilikuja kabla yako na Wajumbe watatu au wanne. Ni kizuri. Watu wa zamu wanakipenda kuliko vile virefu."

"Watu wa zamu?"

Akashangaa kwamba sijui. Kusikiliza Wajumbe, akaniambia, ni kazi ya umma katika Usikizi, kama kufyeka barabara na kuzibua mifereji. Wiki hii hutoka kijiji hiki, wiki ijayo kile. Wagonjwa wamesamehewa. Wajawazito hupewa nafasi karibu na mlango. Kabla ya kuja hufundishwa pa kulia na pa kuitikia, Mjumbe asije akavunjika moyo. Wanakatazwa mambo mawili tu: kula na Mjumbe, na kumwuliza swali.

"Lakini hawasadiki!" nikapaza sauti.

"Hilo hatukuahidi, mwanangu."

Nilikasirika nikamwita mnafiki. Hakunijibu kwa hasira. Alinikalisha akaniambia kwamba zamani za babu zake alikuja mtu mmoja na neno, nusu ya nchi ikalisadiki na nusu ikalikataa, wakachinjana ndugu kwa ndugu mpaka mashamba yakaota pori. "Na neno lenyewe," akasema, "leo hakuna anayelikumbuka. Tumeuliza sana. Wapo wanaosema lilihusu maji. Basi waliobaki wakakaa wakawaza. Wajumbe hawatakoma kuja, na kuwaua ni dhambi. Kuwasadiki tumeshaona matokeo yake. Kilichobaki ni kuwasikiliza."

Maneno hayo yaliniuma kuliko kama angenitukana.

Tangu hapo nikawa mtu anayesikilizwa. Asiyewahi kuishi hivyo atadhani ni raha. Chakula changu kililetwa kikaachwa mlangoni chini ya kawa, na aliyekileta alikuwa amekwisha kuondoka nilipotoka. Nikikutana na watu wa zamu njiani nikawaambia "Hamjambo?" waliitikia "Amina." Nikisema leo jua kali, "Amina." Siku moja nilimwambia mwanamume mmoja kwamba mbuzi wake amekula shati langu, naye akainamisha kichwa, akafuta chozi, akasema "Amina." Nilicheka peke yangu mpaka kicheko kikageuka kitu kingine. Nilikaa kizingitini nikalia kama mtoto aliyesahauliwa sokoni, na nasema wazi kwamba sikulia kwa ajili ya roho za Wasikizi. Nilijililia mwenyewe. Nilitamani mtu mmoja tu aniambie, "Hapana, Sefania, hapo umekosea."

Msomaji ataniuliza, je, hapakuwa na Mjumbe mwenzangu? Alikuwapo. Kilima cha pili, umbali wa kuitana, alikaa Padre Gaspari wa shirika lile jingine, mzungu mzee mwenye ndevu hadi kifuani. Yeye naye alikuwa na kisa cha mtoto na moshi. Lakini shirika lake hufundisha kwamba kuni za yule baba zilikuwa mbichi, kwa kuwa kuni mbichi ndizo zenye moshi mwingi, na sisi tunafundisha zilikuwa kavu, kwa kuwa baba mwenye upendo hangekubali moto wake usuesue. Juu ya jambo hili mashirika yetu yalikuwa yametengana miaka mingi kabla sijazaliwa, na vimeandikwa vitabu. Ngulumbi alinieleza kwamba vilima vile viwili viliwekwa karibu makusudi, Wajumbe wapate kuzungumza. Kulikuwa na uzio wa miiba katikati. Nilipomwuliza ni sheria gani iliyoweka uzio, mzee aliona haya kwa niaba yetu.

"Uzio mliuomba wenyewe," akasema. "Pande zote mbili."

Basi asubuhi nilimwona Padre Gaspari akifua soksi zake, naye aliniona nikiota jua, tukapeana kisogo. Jumapili tulishindana kengele.

Hali ilikuwa hivyo mvua za vuli zilipoanza, na ndipo alipokuja Sinyati. Alikuwa mama wa makamo, mjane, mwembamba, mwenye tabia ya kukunja uso kama anayetafuta uzi kwenye tundu la sindano. Alilia pasipotakiwa na akanyamaza pa kulia. Wenzake walipotoka alibaki kwenye benchi akikunja na kukunjua kanga yake. Nikadhani anaumwa.

"Mjumbe," akasema, "na mama yake alikuwa wapi?"

Nilishika meza. Lilikuwa swali la kwanza kuulizwa kwangu tangu mpakani.

"Mama wa nani?"

"Wa mtoto. Baba anawasha moto, sawa, tumesikia. Mama je? Alikufa? Au alikuwa ndani anapika hakuna aliyemwuliza?"

Nilitafuta kila nilichofundishwa. "Kisa hakisemi, mama," nikakiri.

"Basi walimsahau," akasema, akajifunga kanga yake akaenda.

Usiniulize nililala vipi siku hiyo. Nilikuwa na furaha ya kijinga. Kuna mtu alikuwa amesikiliza, na amenikuta na kosa.

Baada ya siku chache alirudi. Haikuwa Jumapili, wala haikuwa zamu ya kijiji chake. Hakuna mtu katika Usikizi aliyewahi kumsikiliza Mjumbe siku isiyo ya zamu yake. Ni sawa na mtu kwenda kufyeka barabara kwa kupenda. Alikaa mbali nami kidogo akaniambia aliyokuja nayo. Alikuwa na mwana mmoja, Mhando. Alikuwa kijana mrefu, mwenye kovu la moto kwenye mkono wa kushoto alipoanguka jikoni utotoni. Alifuatana na wachuuzi wa chumvi, akasema atarudi wakati wa mavuno. Mavuno yamekuja yamepita.

"Watu wananiambia nisahau," akasema. "Wanasema aliyeondoka ameondoka. Wewe unasema yupo anayesubiri na hachoki. Ni kweli au ni maneno ya Jumapili?"

"Ni kweli."

"Umemwona?"

"Sijamwona. Nimesubiriwa naye."

Akalifikiria hilo muda mrefu. Mimi nami nililifikiria, maana sikuwahi kulisema hivyo, wala halikuwa katika mafundisho ya shirika.

Alikuja tena na tena. Tulibishana. Alikuwa mbishi, na kila alilolikataa alilikataa kwa sababu. Mimi niliyezoea kuitikiwa nilijiona nafufuka. Siku moja akasema, "Nasadiki kwamba yupo anayesubiri. Mengine bado," na jioni hiyo akawasha moto mbele ya mlango wake, akafanya hivyo na kesho yake, na kesho kutwa, mpaka mwezi ukaisha. Majirani waliona moshi. Wakaenda kusema.

Ngulumbi alipanda kilimani kwangu akitweta, uso umemshuka.

"Kuna mtu wako amesadiki," akasema. "Kwa hiyo Baraza litakaa. Huwa halichukui muda. Atapewa kilima."

"Kilima cha nini?"

"Mwenye kusadiki huwa naye amekuwa Mjumbe, si ndivyo? Ninyi wenyewe ndivyo mnavyofundisha. Basi na yeye apate haki zake. Nyumba, chakula, watu wa zamu. Tumekwisha kufyeka kilima cha upande wako wa kulia."

"Na nyumba yake ya sasa?"

"Itavunjwa. Mjumbe hana nyumba kijijini, wala hashuki. Ndiyo sheria."

Kwa fikra nilimwona Sinyati juu ya kilima, chakula chini ya kawa, watu wakimwitikia "Amina" akiwauliza habari za mwanawe. Na nilimwona kijana mrefu akiingia kijijini, akisimama penye kiwanja kitupu. Nilijua mama yule alichokuwa nacho duniani ni mlango ule ambao Mhando aliujua.

Lakini, na hapa sitajipaka mafuta, niliona na jambo jingine. Kilima cha kulia kilikuwa karibu. Hatungeomba uzio. Ningekuwa na mtu wa kubishana naye mpaka nife. Na misheni ya pwani ingefurahi, na hata ukweli wenyewe ulikuwa upande huo, kwani alikuwa amesadiki kweli, nami nilitumwa kuushuhudia ukweli. Kila kitu kilinisukuma kusema ndiyo. Nilisali nikapata majibu mawili yanayopingana.

Siku iliyofuata nilisikia mtu akiniita kutoka kwenye uzio. Alikuwa Padre Gaspari. Alikuwa ameingiza mkono wake katikati ya miiba ili nimtazame, na damu ilimchuruzika.

"Mwalimu," akasema kwa Kiswahili chake cha kukwaruza, "watakuuliza wewe. Hawamwulizi yeye. Sheria yao inasema Mjumbe ndiye anayejua kama amesadikiwa."

"Najua, Padre."

"Hujui. Mimi waliniuliza. Palikuwa na mtu, Kilunge, fundi wa mizinga ya nyuki, baba wa watoto. Waliniuliza nikasema ndiyo. Nilisema kwa sauti kubwa, nilikuwa na furaha sana." Akanyoosha kidole kuelekea vilima vya mbali, vya buluu. "Yuko kule. Upepo ukivuma huku nasikia kengele yake. Anahubiri vizuri, wanasema. Watoto wake wakiwa kwenye zamu humwitikia kama wengine."

Nilimfunga mkono kwa kitambaa, tukiwa kila mmoja upande wake.

Baraza lilikaa uwanjani. Wazee walikuwa wengi, na mwenyekiti wao alikuwa Ngulumbi. Sinyati alikaa chini, miguu ameikunja, macho kwangu. Alinitazama bila wasiwasi. Ndipo nilipoelewa kwamba hakuogopa kwa sababu alijua nitasimama naye.

Mzee mmoja mwembamba alianza kwa kusema kwamba moto si ushahidi. Penye maji kuna mbu, na mwenye akili hufukiza mlangoni. Mwingine akamjibu kwamba mbu hawafukizwi mwezi mzima kwa saa ileile. Yule wa kwanza akasema mbu nao huja kwa saa ileile. Wakalijadili jambo la mbu kwa urefu, kwa heshima kubwa, na nadhani baadhi yao walikuwa wakijaribu kumwokoa. Kisha mzee wa tatu, aliyesifiwa kwa kujua habari za Wajumbe, akaomba kuuliza kuni zilikuwa kavu au mbichi, ili ijulikane kama mama huyu ni wa kilima changu au wa Padre. Hapo Baraza lilimruhusu Sinyati kuongea, kwa swali hilo tu.

"Zilikuwa kuni nilizokuwa nazo," akasema.

Wazee walipigwa na butwaa. Nami pia, maana katika vitabu vyote vilivyoandikwa juu ya suala lile hakuna aliyelijibu hivyo.

Ngulumbi akanigeukia. "Mjumbe, tusiulizane mengi. Huyu mama amelisadiki neno lako?"

Nilimtazama Sinyati. Uso wake ulikuwa umekunjuka.

"Hapana," nikasema.

Ngulumbi aliinama mbele kana kwamba sikio limemdanganya. "Umesikia swali, mwanangu?"

"Nimelisikia, mzee. Hajasadiki. Ni mama anayemkumbuka mwanawe, na moto ni wa kumkumbuka. Neno langu halikumwingia. Halijamwingia mtu yeyote katika nchi hii."

"Hakuna Mjumbe aliyewahi kusema hapana."

"Mimi nimesema."

Sinyati hakupiga kelele. Alinitazama kama mtu aliyenyang'anywa kitu kutoka mkononi, kisha akatazama chini, na hakuinua tena uso. Kama ningekuwa na nguvu za kukimbia ningekimbia. Nilitaka kumwambia kwa macho, lakini alikuwa ameyafunga ya kwake.

Wazee walishauriana. Ngulumbi alipotoa hukumu sauti yake ilikuwa ya mtu aliyefiwa. Mama arudi nyumbani kwake, akasema, na asipangwe tena zamu ya vilimani. Kuhusu mimi, sheria inasema Mjumbe ni mtu mwenye neno linaloweza kusadikiwa. Ikiwa nimesema miezi yote hii na hata mjane aliyekuja kwa kupenda hakunisadiki, basi sikuwa Mjumbe. Nilikuwa mgeni tu, na kilima nilipewa kimakosa.

"Pole sana," akanishika bega. "Ulikuwa unasema vizuri."

Kesho yake nilishuka na kengele yangu imefungwa kitambaa isilie. Padre Gaspari alikuwa amesimama kwenye uzio. Alinibariki, kwa namna ya shirika lake, nami nikavua kofia.

Njiani nilikutana na mwanamke amebeba mtungi. Kwa mazoea nikamwambia "Hujambo, mama," nikisubiri Amina yangu.

"Sijambo, baba. Vipi huko utokako, mvua imenyesha?"

Nilisimama katikati ya njia. Sikuwa tena Mjumbe, na mgeni wa kawaida sheria ya zamu haimhusu. Kila niliyempita aliniuliza jambo. Mwanamume wa mbuzi alinifuata kabisa, akaniomba radhi kwa lile shati, akasema limemkaa rohoni siku zote. Watu wale wote walikuwa wakisema, wakitania, wakiuliza, umbali mfupi tu chini ya kilima changu, na mimi nilikuwa juu nikiwahubiria. Nililia tena, nikitembea, na mtu akaniuliza kama ni moshi umeniingia machoni.

Nyumba ya Sinyati ilikuwa ya mwisho kijijini, kando ya njia ya wachuuzi. Niliazimia kupita bila kuinua macho. Alikuwa ameketi mlangoni anachambua mlenda.

"Karibu, mgeni," akasema.

Nilisimama. Akarudia. Nikaingia uani nikakaa pale aliponionyesha. Alisonga ugali, akaweka sahani moja, akaninawisha mikono, akakaa upande wa pili akaanza kula nami. Ndicho chakula cha kwanza nilichokula na mtu tangu niingie Usikizi.

"Nilidhani umenikana," akasema.

"Nilikukana."

"Mbele ya watu wote."

"Mbele ya watu wote, mama. Wangeivunja nyumba hii."

Aliutazama mlango wake, kizingiti kilicholika katikati, na njia ilivyopita mbele yake. Kisha akaisogeza sahani upande wangu.

"Kula," akasema. "Kinapoa."

Nilipoondoka alinisindikiza mpaka njia panda. Aliniambia wachuuzi wa chumvi hupita nchi saba kabla ya kugeuka, na mtu anayetembea huwaona watu wengi. Hakuniomba. Nilimwambia ndiyo kabla hajaomba.

Pwani misheni ilinipokea kwa wimbo. Kanisa lilijaa kuja kusikia habari za Usikizi, na mkuu wetu akauliza mbele ya wote ni wangapi waliosadiki. Nikasema hakuna. Akarudia, labda mmoja? Nikasema hakuna hata mmoja. Palikuwa na wafanyabiashara kwenye mabenchi, na maneno ya mdomo husafiri mpaka Usikizi, ndiyo maana nilikana tena. Hapa naandika wazi kwa kuwa Wasikizi hawasomi, husikiliza tu. Walinihurumia, wengine wakanong'ona kwamba sikuitwa. Mkuu alinipa kazi ya kufundisha watoto kusoma, nikaiacha baada ya muda mfupi. Kengele niliirudisha.

Sasa natembea na njia za chumvi. Simhubirii mtu asiponiuliza. Jioni nafika kambini, nasalimu, naomba maji, kisha nauliza kama kuna aliyemwona kijana mrefu mwenye kovu la moto kwenye mkono wa kushoto. Wengine husema yule alikufa kwa homa mtoni. Wengine humweka katika mji huu au ule, nami huenda, nikamkuta ni mtu mwingine, na siku hizo huwa nzito kwangu. Sijampata. Hata huyu mtu mwingine hunikaribisha, tukala, akaniambia naye anatoka wapi na nani yuko kwao.

Nawe unayesoma, ukikutana naye popote, anaitwa Mhando. Mwambie mama yake hajahamishwa.